Anayesoma Makosa kwa Sauti

Jirani yangu wa meza kazini, fundi wa programu kama mimi, husoma kila ujumbe wa kosa anaomwandikia mtumiaji kwa sauti ya chini kabla ya kuuhifadhi, kiganja kikipapasa meza, kana kwamba mtu ameketi mbele yake. Zile "Batili!" nilizozitawanya kwenye fomu zote za mtandaoni za kliniki alizing'oa moja moja, akaandika kipande kimoja cha programu ambacho kurasa zote hukitumia. Nilimwona mpoteza muda tu. Jana mama alikuwa akijiandikisha kliniki kwa simu, akakosea. "Namba imepungua tarakimu moja," akasoma. "Mengine yote uliyoandika yapo salama." Akarekebisha mwenyewe, bila kuniita. "Nishukurie aliyeandika haya, mwanangu. Zamani simu hii ilikuwa inanifokea, 'Batili!'" Leo asubuhi nimezifikisha shukrani. Aliyekuwa akimfokea mama, sijamtaja.