Nilimsingizia Mama Kulwa Kosa la Sampuli Nilizochanganya Mimi

Niiteni mwoga, niiteni nyoka, yote ni halali yangu. Nilifanya uzembe kazini, kisha nikamtwisha mwanamke aliyenitafutia hiyo kazi.

Kampuni ilikuwa changa, imekuja kutafuta dhahabu kwenye kilima kimoja huku kwetu Shinyanga. Mgodi haukuwepo bado, ni mashine moja tu ya kuchoronga mashimo marefu. Kila mita ya unga wa mwamba inatiwa kwenye mfuko mkubwa wenye namba unaobaki pale shimoni, na kiasi kidogo kinapelekwa maabara Mwanza kwenye mfuko mdogo. Majibu ndiyo yanayosema mchoronge wapi tena.

Mimi nilikuwa msimamizi wa sampuli. Nina cheti, bwana! Mama Kulwa, jirani yangu, ndiye aliyenipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji nikachukuliwa. Yeye alipewa kazi ya kufunga mifuko, na mimi, shukrani ya punda, nikaanza kumwita "mama kamba" mbele ya watu. Wakicheka, navimba.

Siku moja ya mvua gari liliteleza kwenye tope, mifuko midogo ya shimo la tatu na la nne ikadondoka na kuchanganyika. Mashimo hayo yako pande mbili tofauti za kilima. Vibandiko vya namba vilibanduka, nikaanza kuvirudishia kwa kukisia.

"Mwanangu, hapana," Mama Kulwa akasema. "Ile mifuko mikubwa ya mabaki bado iko kule mashimoni. Tukachote upya, ni kazi ya nusu siku tu."

"Mayu, jiolojia umeisomea wapi? Funga kamba!" Mayu ni mama kwa Kisukuma, lakini heshima haikuwemo.

Nilikuwa nawahi kuangalia mpira. Mpira!

Majibu yakarudi matamu: shimo la tatu lina dhahabu. Mjiolojia wetu, kijana mpole wa Mbeya, alitukumbatia mmoja mmoja. Mashine ikahamishiwa upande ule. Shimo jipya la kwanza, mawe matupu. La pili, mawe. Mpaka la sita, mawe! Kila asubuhi nautazama ule unga wa kijivu ukitoka, na mdomo nimeufunga.

Mwishowe mjiolojia akachota upya kwenye ile mifuko mikubwa. Dhahabu ilikuwa shimo la nne, upande tuliouacha. Lakini fedha za kuchoronga zilikuwa zimekwisha, na wenye kampuni huko nje hawakutaka kusikia tena. Kazi ikafungwa, mjiolojia akatuita wote.

"Nani alibandika namba?"

Hata mate sikumeza. "Ni Mama Kulwa. Si unajua tena, namba zinamchanganya."

Mwanamke ambaye ni katibu wa kanisa lake!

"Si mimi," alisema, mara moja tu. Nani wa kumsikiliza? Mwenye cheti nilishasema. Wanaume wazima waliokuwa wakila viazi alivyowaletea kila siku wakamzomea, eti amewamalizia kazi. Alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Mpaka leo kijijini anaitwa mkosi. Mapacha wake wanaambiwa shuleni kwamba mama yao ndiye aliyefukuza dhahabu. Na mimi? Mimi napewa pole! Mke wangu nilipomweleza ukweli, aliacha kuongea nami. Ananiwekea ugali mezani, anatoka.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaenda. Nilimkuta anapepeta dengu uani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Hakuacha kupepeta.

"Unaniambia mimi ninayejua?" akauliza. "Nenda kawaambie wasiojua."

Nikaapa nitakwenda. Sijakwenda! Mkutano wa kijiji umeshafanyika mmoja, nikakaa nyuma kabisa kama kuku mgonjwa, ulimi ukagoma. Leo nawaandikia nyie msionijua, na jina nimelificha. Mnaona nilivyo mtu wa hovyo?

Wewe uliyeharibu kitu kazini leo, sema leo hii hii, kabla hujapata wa kumsingizia. Usijidanganye kwamba kumsingizia mtu kutakuwia vigumu. Mimi ilinichukua sentensi moja.