Leo Usizime Moto

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Chef de service, mkuu wa karakana, ndiye aliyenipokea. Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alidhani nimeletwa kusafisha karakana. Nikauegemeza ufagio ukutani, nikamwambia, "Chef, mi nimekuja kutengeneza mashini. Bisibisi iko wapi?" Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwanamke wa mtaa wa Bwiza, tena na kitambaa kichwani, atengeneze mashini! Mzee mwenyewe hakucheka. Alinisukumia taipureta iliyokwama, akasema, "Haya, ifungue." Nikaifungua.

Nawaandikia ninyi mafundi wa leo, mnaonitembelea hapa nyumbani na kunionea huruma kwa sababu nilifanya kazi bila intaneti. Acheni huruma yenu. Tulifanya kazi, na tuliifanya vizuri. Nilianzia kwenye taipureta, nikaenda kwenye mashini za fotokopi, na kompyuta zilipofika Bujumbura nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono nipelekwe mafunzoni. Yule Chef alinifundisha kugusa kwanza sanduku la chuma kabla ya kugusa chochote cha ndani, kwa sababu mwili wa mtu una umeme wake na unaweza kuunguza chipu bila wewe kusikia kitu. Alinifundisha pia kuuliza maswali ya kipumbavu kabla ya kuuliza ya akili. "Zaituni," alikuwa anasema, "angalia kwanza kama imechomekwa ukutani. Ukifungua mashini ambayo haijachomekwa, mi sikujui."

Vita ilipokuja, karakana ilifungwa. Mimi nikahamishiwa ghala la dawa, pale mjini, ghala lililokuwa linapeleka dawa kwenye vituo vya afya. Nilitoka Bwiza kila asubuhi kwa miguu. Siku nyingine tulisikia risasi za upande wa Kanyosha, na tukifika kazini tunaulizana nani hajaonekana. Watu wengine walikaa nyumbani, siwalaumu. Mi nilikwenda. Nilikataa kabisa vita inipangie siku ya kwenda kazini.

Pale ghalani alikuwepo zamu mmoja, yaani mlinzi, Papa Amisi, mkimbizi wa Kasongo huko Kongo. Alikuwa mtu mzima, mpole, anayependa kazi yake kupita kiasi. Kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, tulifunga mapema, na Papa Amisi alikuwa na desturi yake: saa ya kufunga ikifika, anazunguka, anafunga madirisha, halafu anashusha disjoncteur, ile swichi kubwa inayokata umeme wa jengo zima. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemwamuru hivyo, akiogopa waya mbovu zisije zikaunguza dawa usiku. Baada ya hapo Papa Amisi anakaa uani na mbabura yake ya makaa, anachemsha chai.

Sasa, mwaka elfu mbili ulikuwa unakaribia, na dunia nzima ilikuwa inasema kompyuta za zamani zitachanganyikiwa tarehe. Makao makuu yakaleta disketi na agizo: kila mashini ibadilishiwe BIOS. Niwaeleze. Kompyuta ikiwashwa, haijui kitu, haijui hata kama ina skrini. Kuna chipu moja ndogo inayoiamsha na kuionyesha viungo vyake. Maneno yaliyo ndani ya chipu hiyo ndiyo BIOS. Kuyabadilisha ni kufuta ya zamani na kuandika mapya juu yake, na ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika katikati, ya zamani yameshafutika na mapya hayajakamilika. Hapo mashini inabaki kama mfu.

Nilimwambia Mkurugenzi tungoje. Onduleur, ile betri kubwa inayoshikilia mashini umeme ukienda, ilikuwa imekufa, na nyingine isingeweza kuingia nchini kwa sababu ya vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani. Akakataa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kuvaa koti hata kwenye joto, na makao makuu yalikuwa yanampigia simu kila siku. "Tunaanza na mashini ya stock leo leo," akasema, yaani ile yenye orodha ya dawa. Wakati wa kufunga ulikuwa umekaribia, kwa hiyo akatoa kichwa dirishani na kuita kwa Kiswahili chake: "Amisi! Leo usizime moto! Tunafanya kazi!"

"Ndiyo, patron!" Papa Amisi akajibu kutoka uani.

Nikaweka disketi, nikaanza. Ile mistari ikafika katikati ya skrini. Pap! Giza.

Loo! Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Disjoncteur ilipopandishwa tena, nilibonyeza, nikabonyeza, feni inazunguka, skrini nyeusi, hata bipu hakuna. Sisi mafundi ile bodi kubwa tulikuwa tunaiita "mama", kwa kuwa Wafaransa wanaiita carte mère, kadi mama. Nikatoka kwenye korido nikasema, "Mama amekufa." Mhasibu akashika mdomo: "Pole sana, Zaituni! Lini?" Siku nyingine ningecheka.

Papa Amisi aliletwa ofisini. Mkurugenzi akamsogelea. "Nilikwambia nini?"

"Patron alisema nisizime moto. Mi sikuzima. Moto iko inawaka pale uani, muende muone. Niliongeza na makaa."

"Na umeme?"

"A, courant? Courant nilikata, kama siku yote."

Tulikwenda uani. Mbabura ilikuwa imejazwa makaa mpaka juu, nyekundu, birika inaruka kifuniko. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Lakini Mkurugenzi hakuona kichekesho. "Mtu gani hajui moto ni umeme? Anajifanya mjinga. Huyu ni saboteur, mhujumu." Na neno hilo, wanangu, mwaka ule, juu ya kichwa cha mgeni asiye na ndugu mjini, halikuwa neno la kuchezea. Waliochukuliwa kwa neno hilo hatukuwaona tena wakirudi. Papa Amisi alilielewa mara moja.

"Mkurugenzi," nikasema, "kwa Kirundi umuriro ni moto, na ni umeme vilevile. Kwao Kasongo moto ni wa kupikia, basi. Wewe umesema Kirundi kwa Kiswahili, na yeye amekusikia kwa Kiswahili."

"Zaituni, usinifundishe kusema!"

"Sikufundishi. Nakwambia mtu huyu amekutii."

Hakutaka kusikia. Papa Amisi atafungiwa chumba cha maboksi, akasema, na kesho saa sita watu wa usalama watakuja kumchukua. Mkurugenzi alikuwa anaogopa, nilimwona. Makao makuu wangemuuliza nani ameua mashini, na alihitaji jina lisilo lake. Nikamwambia, "Na kama saa sita mashini iko inafanya kazi?" Nikaendelea: "Mashini ikiwa hai, hakuna sabotage. Utamwita nani aje kumchukua mtu kwa ajili ya mashini nzima?" Akavuta koti lake, akasema, "Ifufue basi, tuone." Nikatoka mbio, maana couvre-feu haikungoja mtu.

Asubuhi nilipita kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu nikaomba uzi imara, ule wa kushonea suruali za jeans. Akaniuliza ninashona nini. Nikamwambia, "Ninamshonea mtu maisha." Akadhani ninatania.

Mashini ya mhasibu ilinunuliwa pamoja na ile iliyokufa. Bodi zake ni pacha. Hesabu yangu ilikuwa hii. BIOS inahitajika wakati wa kuamka tu. Kompyuta ikishaamka na kusoma disketi, maagizo yanabaki kwenye kumbukumbu yake, na ile chipu haiiangalii tena. Basi niiwashe mashini nzima kwa chipu yake nzima, halafu ikiwa inawaka hivyohivyo, niing'oe chipu hiyo na kuweka mahali pake ile iliyoharibika, niiandike upya. Sikuwahi kuifanya. Niliwahi kuisikia tu. Ukiinamisha chipu kidogo upande, miguu yake ikagusana, unaua zote mbili.

"Ukiua na ya pili," Mkurugenzi akasema, "utakwenda naye."

"Sawa," nikamjibu. "Lakini sianzi mpaka Papa Amisi atolewe. Yeye ndiye atashika disjoncteur."

"Una kichaa? Huyohuyo aliyekata?"

"Huyohuyo. Hapa ndani hakuna mtu atakayeilinda swichi ile leo vizuri kuliko yeye. Au nirudi Bwiza?" Nikaanza kufunga bisibisi zangu. Nilikuwa nimekasirika mpaka mikono ilikuwa imetulia kabisa.

Wakamtoa. Alitoka na vumbi la maboksi kwenye nywele. Nikamwambia, "Papa Amisi, simama pale. Mutu yeyote akija, hata patron, asiguse. Courant isikatike."

"Courant," akasema. "Nimesikia, mwanangu." Akaweka mgongo wake kwenye ile swichi na mikono kifuani.

Nikailegeza chipu nzima ya mhasibu, nikapitisha uzi chini yake mwanzo na mwisho, nikairudisha kidogo tu, isikaze. Nikawasha. Ikaamka, ikasoma disketi. Bismillahi. Nikavuta nyuzi zote mbili pamoja, polepole, usawa. Chipu ikapanda juu kama jino la mtoto. Skrini haikutikisika. Nikachukua ile iliyokufa, nikaangalia alama yake ya pembeni ielekee kulekule, nikaibonyeza kwa dole gumba. Nikatoa agizo la kuandika.

Mistari ikaanza kutembea. Mkurugenzi alikuwa nyuma yangu, ninasikia pumzi yake. Ilipofika pale katikati, palepale pa jana, akageuka mwenyewe kuelekea korido na kuita kwa sauti iliyokatika: "Amisi! Courant!"

"Iko, patron!"

Mistari ikafika mwisho. Nikazima, nikarudisha kila chipu kwake, nikawasha mashini ya stock. Bipu moja. Kisha skrini, na orodha ya dawa zetu, quinine kwanza. Mhasibu alilia waziwazi. Mimi niliketi sakafuni, nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

Saa sita walikuja kweli, wanaume wawili kwenye pikapu. Mkurugenzi alitoka akawapokea getini. Sikusikia alichowaambia, niliona tu wanawasha gari. Aliporudi akasema mbele yetu sote, "Amisi, Kiswahili changu ni kibaya." Akaingia ofisini na kufunga mlango. Sijawahi kumdai zaidi ya hapo.

Nimestaafu sasa, macho hayaoni tena alama ya chipu. Vijana wananiletea bodi wakisema, "Mama Zaituni, hii si ya kutupa tu? Nyingine ni bei ndogo." Huwa nawajibu, kwanza nionyeshe imekufa wapi. Wanadhani ni ubishi wa uzee. Ubishi ninao, tena sikuuanza uzeeni.

Papa Amisi aliendelea kuwa zamu pale miaka mingi. Amani iliporudi pande zote mbili, kwetu na kwao Kongo, alitaka kwenda kwao. Siku ya kuondoka alikuja Bwiza kuniaga, godoro begani, viatu vipya. Nikamuuliza kama anahitaji mtu wa kumsindikiza mpaka mpakani. "Apana," akasema, "nitaenda tu na miguu yangu." Nikasimama mlangoni nikimtazama anashuka barabara mchana kweupe, hajashikwa mkono na mtu, mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine.