Msusi aliyewapatanisha watafiti

“Kaza, dada. Kaza mpaka macho yapande juu!”

Ni Jumamosi asubuhi, na mteja aliyeketi kiti cha katikati anakwenda harusini. Nyuma yake amesimama mwanamke mnene wa miaka arobaini na moja, chanuo amelichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, vidole vinakwenda upesi kuliko macho yanavyoweza kufuata. Vinakwenda, lakini havikazi.

“Sikazi,” anamjibu. “Ukitaka macho yapande, kapake wanja.”

Saluni nzima inaangua kicheko. Ni chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo chenye ufa kwenye kona, na drayer mbili za kukaushia nywele, moja inanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Ukutani, mahali ambapo saluni nyingine hubandika picha za mitindo, kimetundikwa cheti cha stashahada ndani ya fremu. Wifi yake, anayesuka kiti cha pili, hukifuta vumbi kila asubuhi kabla hajagusa kitu kingine.

Kichekesho ni kwamba mtaa mzima unamwita msusi huyu Mama Kaza.

Jina hilo hakupewa bure. Kwa zaidi ya miaka ishirini rasta zake zilisifiwa kwa kudumu. Mwezi ungepita, na wa pili, na mteja bado anaonekana ametoka kusukwa jana.

“Enzi zile nikikusuka mimi, usiku ule hulali,” anasema huku akitikisa kichwa. “Na sote tuliona ndiyo ufundi wenyewe. Mteja akiondoka bila kulalamikia kichwa, najiona leo sikufanya kazi.”

Kilichomtoa saluni na kumpeleka darasani ni kitambaa cha kichwa. Mteja wake mmoja, mwalimu wa chekechea aliyeanza kusukwa hapo tangu akiletwa na mama yake, alikuja siku moja amejifunga kitambaa na akagoma kukivua mpaka mlango ufungwe. Alipokivua, nywele za mbele zilikuwa zimerudi nyuma pande zote mbili, na ngozi ya mapanja ilikuwa inang’aa.

“Mama Kaza,” aliuliza, “mimi nimeshazeeka? Na hata sijaolewa?”

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wifi alisema ni dawa za kulainisha nywele. Muuza vipodozi wa mlango wa pili alisema ni ukoo. Mteja mwingine akasema ni msongo wa mawazo, akaanza na kumtaja mchumba. Msusi mwenyewe alivitazama vidole vyake.

Mwaka uliofuata alijiandikisha chuo cha ufundi, stashahada ya urembo na afya ya nywele. Alikuwa ameacha shule mapema, akamalizia masomo ya sekondari ukubwani huku anasuka. Mume wake, fundi wa majokofu, hakumzuia ila alimtania: “Mke wangu, nywele zinaota kichwani, haziotei chuoni.”

Kufunga saluni siku mbili kwa wiki kulimpotezea karibu theluthi ya wateja. Hilo, anasema, alilivumilia. Kilichomtoa jasho ni andiko la mwisho.

Alichagua swali lilelile la kitambaa: kwa nini wanawake wanapoteza nywele za mbele? Sehemu ya kwanza ilimtaka aonyeshe watafiti waliotangulia wamegundua nini. Akakusanya makala kumi na nane, nyingi za Kiingereza, akazisoma kwa kamusi ya simuni, neno kwa neno. Kisha akaandika: mtafiti wa kwanza anasema hivi, wa pili anasema vile, wa tatu anasema hivi tena. Kurasa ishirini na mbili.

Mkufunzi wake, mwanamume mpole asiyepandisha sauti, alizirudisha zikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: “Hawa wote nimewasikia. Wewe uko wapi?”

“Nikasema, kumbe ananitaka mimi? Basi atanipata,” anakumbuka. Akaandika upya, safari hii yale anayoyajua mwenyewe tangu aanze kushika chanuo. Watafiti akawabakiza kwenye orodha ya mwisho tu, kama wageni walioachwa nje ya mlango.

Kazi ikarudi tena. “Sasa wewe nimekusikia. Wao wamekwenda wapi?”

Ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya kulirudisha. Akikosa tena, anarudia mwaka mzima, na ada ya kurudia hakuwa nayo. Mkufunzi alimwita ofisini akajaribu kumsaidia. Alimwambia afikirie makala zile kama mafungu ya nywele anayoyasuka pamoja.

“Nilicheka mpaka nikaona haya,” anasema. “Nikamwambia, mwalimu, kusuka najua tangu msichana, na bado andiko limenishinda. Niambie kitu kingine.”

Mkufunzi naye akacheka. Akafikiri kidogo, kisha akamuuliza: “Hili andiko, unataka nani alisome akuelewe?”

Jibu lilikuja lenyewe wiki ile ile. Mwalimu wa chekechea alipita saluni kuoshwa nywele, na msusi akamsomea zile kurasa ishirini na mbili za mwanzo wakati mteja huyo akisubiri zamu yake. Alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alipofika mwisho, mwalimu akamtazama kwenye kioo.

“Sasa mimi nifanye nini?”

Wifi akadakia: “Makaratasi yote hayo, na jibu hamna?”

“Iliniuma,” anasema Mama Kaza. “Watu kumi na nane nimewasoma, na swali la mtu mmoja siwezi kulijibu.”

Wateja walipopungua, alizitandaza makala zote juu ya mkeka wa chumba cha nyuma akaanza kuzisoma upya. Zamani alikuwa anaiuliza kila makala inasema nini. Sasa akaziuliza zote maswali yaleyale: mlitazama vichwa vya nani? Vilipakwa dawa au ni nywele za asili? Vilikazwa kwa muda gani?

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza kuyeyuka. Makala moja ilisema shida ni kukaza, nyingine ikatilia mkazo dawa. Kumbe ya kwanza iliwatazama wasichana wa shule, wenye nywele za asili. Ya pili iliwatazama watu wazima waliopaka dawa kisha wakasukwa kwa kukazwa juu yake, na hao ndio walioumia zaidi. Moja ilisema nywele huota tena, nyingine ikasema hazioti. Ya kwanza iliwapima walioacha mapema, ya pili waliokazwa miaka na miaka.

“Nilipiga kelele! Wifi akaja mbio, akidhani nimeungua na maji ya moto. Nikamwambia, hawa watu hawagombani! Kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna aliyewaita wakae pamoja.”

Aliandika mara ya tatu, kila aya ikianza na jambo, si na mtu. Chini ya jambo hilo aliwaleta waliokubaliana, akawaleta waliopinga, akaeleza kwa nini wametofautiana. Makala moja haikuingia popote. Hakuificha, aliandika kwamba ilipima watu wachache mno na yeye hajui aiweke wapi.

Lakini hitimisho lilimgeukia mwenyewe. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kukaza sana, kwa nywele bandia nzito, juu ya nywele zilizopakwa dawa, tena kwa miaka. Mtindo ule uliomjengea jina.

Wifi aliposikia, alitupa kitana. “Wifi, unaandika kwamba sisi tunawanyonyoa watu? Tutakula nini?”

“Tutasuka,” alimjibu. “Ila tutasuka wenye nywele.”

Siku ya kulitetea andiko alivaa gauni la harusi ya dada yake. Mmoja wa wanajopo watatu alimbana: kama huyu anasema zinaota na yule anasema hazioti, si tuseme tu kwamba hatujui?

“Nikamwambia, mheshimiwa, tungekuwa hatujui kama wangetazama vichwa vya aina moja wakaona tofauti. Hawa walitazama vichwa tofauti. Kwa hiyo tunajua vitu viwili, na tukiviweka pamoja tunapata cha tatu: muda ndio unaoamua. Mtu awahi.”

Mwanajopo aliweka kalamu chini, akatabasamu. Alama zilipotangazwa, andiko lake lilikuwa la kwanza darasani. Nje ya mlango wifi, yule yule wa kitana, alipiga vigelegele mpaka karani wa ofisi ya jirani akatoka kuuliza nani ameolewa. Fremu ya cheti alitengeneza mume, kwa mbao za sanduku la jokofu.

Wapo wateja waliokasirika wakahama. Wengi wamerudi, na wengine wapya huja wakiwa wamejifunga vitambaa. Mwalimu wa chekechea, aliyeacha dawa na rasta nzito, ameota nywele upande wa kulia. Wa kushoto bado mapanja ni matupu. Msusi alimweleza ukweli kwamba huenda hazitarudi. “Aliniambia, afadhali kujua. Akafunga ndoa bila kitambaa.”

Sasa chuo kimemwomba afundishe wasusi wanafunzi mara moja kwa wiki, naye anajiandaa kuomba nafasi ya shahada. Ameshaona pengo la kulifanyia kazi: karibu watafiti wote aliowasoma walipima vichwa hospitalini, wakati nywele zimeshanyonyoka. Hakuna aliyekaa saluni akatazama mikono ya msusi. Wateja wake kadhaa wamekubali kupimwa kila wanaposukwa.

“Natamani siku moja mwanafunzi nisiyemjua aandike kuhusu jambo hili,” anasema, akimkabidhi mteja wa harusi kioo cha mkononi ajitazame kisogoni. “Atandaze makala zake chini, na yangu iwemo. Akubaliane nami, anipinge, shauri yake. Ila asiweze kuniruka.”