Maziwa ya Jumatano

Katika wodi ile hakuna mama aliyekuwa na jina. Manesi walituita kwa ugonjwa wa watoto wetu. Kulikuwa na Mama Moto, ambaye mwanawe alimwagikiwa na uji, na Mama Mguu, na mimi nilikuwa Mama Henia. Mwanzoni nilikasirika. Mwalimu mzima wa shule ya msingi, mke wa mtu, naitwa kwa kinena cha mtoto! Baada ya juma moja nikawa naitika bila hata kugeuza shingo. Ukichoka vya kutosha utaitika jina lolote.

Mwanangu alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nikimwogesha nyumbani kwetu Ahero, akilia kwa sababu ya maji, nikaona kivimbe kimetokeza kwenye kinena upande wa kulia. Aliponyamaza, kikarudi ndani. Mama mkwe akasema ni upepo, utaisha. Haukuisha. Daktari wa Kisumu alikibonyeza kwa kidole akaniambia ni henia, au ngiri kama vitabu vyetu vya shule vinavyosema. Utumbo unapita kwenye tundu ambalo lilipaswa kujifunga mtoto anapozaliwa. Upasuaji wake ni mdogo tu, akasema. "Lakini mama, siku utumbo ukinasa pale ukakataa kurudi, ni mbio. Ukikosa damu unaoza." Neno hilo, unaoza, nililala nalo kila siku na sikulizoea.

Watoto walipasuliwa Jumatano tu. Na wa Jumatano hanyonyi tangu alfajiri, kwa sababu akilazwa kwa dawa tumbo limejaa, maziwa yanaweza kupanda yakamwingia mapafuni. Jumatano ya kwanza nilimnyima akalia mpaka sauti ikakauka, halafu saa sita sista akaja kusema maji yamekatika, hakuna kupasua. Maji! Kisumu, na ziwa liko pale chini unaliona dirishani! Nilicheka kicheko cha mtu aliyeishiwa, nikampa mtoto titi, tukaanza kungoja upya.

Vitanda havikutosha, tukalala wawili wawili, huyu kichwa huku, yule kule, watoto katikati. Ijumaa ile nikaletewa mwenzangu, muuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Manyatta, mwembamba, mwenye mzaha kupita kiasi kwa mahali kama pale. Yeye walimwita Mama Utumbo. Binti yake alikuwa ameanza kutambaa tu, na utumbo wake ulikuwa umejimeza wenyewe, kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine kama mkono wa sweta uliovuliwa vibaya. Walikuwa wamempasua kwa dharura, wakakata kipande, wakamtia mpira puani na dripu mkononi, wakasema asipewe kitu mdomoni mpaka waseme wao. Basi mama wa watu kifua kikamjaa mpaka kikawa kigumu kama ubao. Alikuwa akikamua kwenye kikombe cha bati na kwenda kumwaga kwenye sinki. "Angalia, mwalimu," aliniambia, "mimi siku hizi nanyonyesha bomba." Alicheka peke yake.

Jumatano ya pili mwanangu alianza kulia mapema, na wodi nzima ikanigeukia. Kwa watu wa ziwa, mtoto anayelia njaa si wa mama yake peke yake. Kwetu Ahero ukienda shambani ukachelewa, mke mwenza au shemeji mwenye maziwa anamchukua na kumnyonyesha bila kuuliza, na hakuna anayesema asante, maana huo hauhesabiwi kuwa msaada.

"Yawa, mwalimu, hii mtoto unaua na njaa," alisema Mama Moto.

"Ni amri ya daktari."

"Daktari ana matiti?"

Wakaangua kicheko. Sista akaniita nikachukue gauni la kumvalisha mtoto, chumba cha mwisho wa korido. Nikamwachia mwenzangu ambembeleze. Kulikuwa na foleni, na gauni lenyewe lilikuwa bado linatafutwa. Niliporudi kilio kilikuwa kimekwisha, na kabla sijafika kitandani nikajua. Alikuwa amemweka kifuani, amefumba macho, na mwanangu anameza kwa pupa.

"Umefanya nini wewe?"

"Alikuwa analia," alisema. "Na haya maziwa nayo, mtoto akilia tu, yanakuja yenyewe."

Nilimnyakua mtoto. Nilipiga kelele mpaka watu wa wodi ya pili wakaja kuchungulia. Nilimwita mjinga, nilimwita mchawi, nikamwambia mwanangu akioza tumbo ni juu yake. Sista akaja, akaona maziwa kwenye kidevu cha mtoto, akasema Jumatano ijayo. Basi, imetoka hiyo. Sikumsamehe, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Mtu anachezea roho ya mwanangu, nimpigie makofi? Shida ni kwamba huwezi kumnunia vizuri mtu ambaye nyayo zake ziko kwenye mto wako.

Kesho yake tumbo la binti yake likavimba. Wakamrudisha thieta, chumba cha upasuaji, wakamfungua tena. Daktari alisema uzi wa ndani ulikuwa umeachia. Ule mzaha wote wa mwenzangu ukaisha. Mimi nilimpa pole ya nusu mdomo.

Jumapili asubuhi, watu wa kanisa wakiwa wanawaimbia wagonjwa, mwanangu alitapika. Mara ya kwanza nilidhani ni maziwa tu. Mara ya pili yalikuwa ya kijani. Nikafungua nepi. Kile kivimbe kilikuwa kimekuwa kigumu, chekundu, na nilipokigusa alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Niliganda. Nilisimama pale na nepi mkononi, miguu haisogei. Mwenzangu ndiye aliyeruka kutoka kitandani, akawapasua waimbaji katikati huku anapiga ukunga: "Sista! Imenasa! Imenasa, yawa!"

Hakuna aliyeuliza kama leo ni Jumatano. Daktari wa zamu alijaribu kukirudisha kwa mkono, kikakataa, wakamchukua mbio. Nilikaa kwenye benchi nje ya thieta. Nilikuwa nimechoka hata kuomba nikashindwa. Nilisema tu "Nyasaye, Nyasaye", Mungu, Mungu, bila kuongeza ombi lenyewe. Walipomtoa, naye ametiwa mpira puani, daktari akasema kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, wamekikata na kuunga. Ataishi, lakini tumbo lipumzike. "Maziwa asiguse mpaka niseme mimi."

Jumatatu akaamka vizuri, akalia. Hakikuwa kilio cha maumivu. Kilikuwa kile cha njaa, ambacho mama yeyote anakijua. Maziwa yangu yakatoka yenyewe, yakalowesha blauzi, wala sikuwa nimeyaita. Asubuhi nilivumilia. Mchana nilijikuta nimemwinamia, vifungo viwili nimekwisha kufungua, najiambia tone tu la kulowesha ulimi, nani atajua. Mimi, mwalimu, niliyekuwa nikiita watu wajinga!

Mkono ukanikamata. Mwenzangu alikuwa amejiinua upande wake wa kitanda, na alisema polepole ili wengine wasisikie.

"Wangu nilimpa kidogo. Jumatano ile ile, baada ya sisi kugombana. Yalikuwa yanatoka tu, nikasema tone moja haina neno. Kesho yake ndio ukaona wanamfungua tena."

"Daktari alisema ni uzi."

"Daktari hajui. Sijaambia mtu." Akaanza kunifunga vifungo, kimoja, halafu cha pili. "Nichukie tena ukitaka, mwalimu. Lakini huyu leo hanyonyi."

Nililia. Nilimtukana, nikamwambia aniachie, mtoto ni wangu. Hakuniachia mpaka mtoto alipochoka kulia akalala.

Alhamisi daktari akapita, akamtoa mwanangu mpira puani, akaniambia nimjaribu kidogo kidogo. Nikamsogeza kifuani. Alishika, akaacha, akashika tena, akaanza kumeza. Binti wa mwenzangu alikuwa bado hajaruhusiwa. Alikuwa amelala pale pale katikati yetu, mpira puani, ametoa macho, midomo yake inanyonya hewa. Mama yake alikuwa ameugeukia ukuta. Nikainuka na mwanangu, nikatoka naye mpaka nje, nikaenda kumnyonyeshea kwenye ngazi.