Vifurushi vya Enid Pilling

Kwa miaka thelathini na moja Lorraine Tattersall aliuza manukato katika duka la ghorofa nne mjini Accrington, Uingereza, mpaka duka likafungwa na jengo likaachiwa njiwa. Alikuwa hodari wa kumsoma mteja tangu mlangoni: huyu amegombana na mumewe, atanunua, yule anazurura tu. Duka lilipokufa alikuwa na miaka sitini, mjane, hana mtoto, na hapakuwa tena na wa kumsoma.

Upande wa pili wa ukuta wake aliishi Enid Pilling, mwanamke mzee aliyestaafu ukarani. Miaka kumi na tisa walikuwa majirani bila ugomvi na bila kuingiliana. Wakikutana barazani walisemezana juu ya mvua, basi.

Novemba moja dereva wa vifurushi, Kamran, mwanamume mwenye ndevu nyingi na haraka isiyoisha, alibisha kwa Lorraine.

"Mama, jirani hafungui. Nikuachie huu mzigo?"

"Weka hapo. Atakuja kuuchukua."

Enid hakuja. Boksi lilikaa kwenye ujia siku tisa, na siku ya kumi likaanza kunuka. Lorraine alilifungua, akajiambia kwamba anaokoa tu kitu kisiharibike. Ndani mlikuwa na jibini za aina nne. Alikula moja mbele ya televisheni, kisha akazimaliza zote.

Desemba zikaja sapatu za sufu, namba tano. Mguu wake nao namba tano. Januari biskuti za tangawizi, Februari mafuta ya ngozi kavu. Enid alikuwa amejiandikisha kuletewa vitu kila mwezi, na benki ilikata malipo kwenye pensheni yake bila kumuuliza mtu. Siku za mzigo Lorraine alichana nywele, akasimama dirishani. Tangu duka lifungwe hakuwahi kungoja kitu kwa hamu namna ile.

Si kwamba hakujiuliza. Mapazia ya Enid yalikuwa yamefungwa tangu majira ya baridi, na pipa lake la taka halikutolewa nje hata mara moja. Asubuhi moja ya Machi alikwenda, akasimama mlangoni kwa Enid, akainua mkono abishe. Ndipo akakumbuka alichovaa miguuni. Akifungua, nitamwambia nini? Mkono ukashuka. Atakuwa amekwenda kwa mpwa wake, mjini Preston, akajiambia, akarudi ndani kuchemsha chai.

Juni ilikuwa na joto, na harufu ikaanza kupenya ukutani, upande wa ngazi. Panya, alijisemea. Mwezi ule kifurushi kilikuwa cha mishumaa ya manukato. Aliwasha miwili kwa pamoja.

Septemba Kamran alimletea boksi jingine, lakini hakuliachia.

"Mama, samahani nikuulize. Huyu Bi Pilling ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita," alijibu Lorraine, na uongo ukamtoka laini kama bei alizozoea kutaja dukani.

Kamran aliligeukia dirisha la jirani. Nzi walikuwa wamejaa kwenye kioo kwa ndani. Kisha akatazama miguu ya Lorraine. Sapatu zile alizileta mwenyewe, na nje ya boksi palikuwa na picha ya sapatu hizo hizo. Alirudi kwenye gari lake, akakaa, akapiga simu.

Polisi walivunja mlango kwa kusukuma mara moja. Enid alikuwa chini ya ngazi, nyonga imevunjika. Askari wa kike alikaa jikoni kwa Lorraine akamweleza kwa upole kwamba ni tangu Novemba, na kwamba daktari anadhani hakufa papo hapo. Huenda siku mbili. Huenda tatu.

"Hukusikia chochote ukutani?"

"Hapana," alisema Lorraine, na hilo lilikuwa kweli. Televisheni ilikuwa imewashwa.

Askari aliandika, akamshukuru kwa ushirikiano wake, akaondoka.

Siku ya mazishi walikuwa wanne ukumbini: msimamizi wa ibada, Lorraine, mpwa wa Enid aliyeitwa Gareth, na Kamran akiwa na koti lake la kazi. Msimamizi aliuliza kama kuna anayetaka kusema lolote kuhusu marehemu. Lorraine akasimama. Alimjua Enid kuliko wote waliokuwa mle: alijua namba ya mguu wake, ukavu wa ngozi yake, alichotamani kula mwezi wa Aprili.

"Alipenda tangawizi," alisema. Akakaa.

Nje, kwenye maegesho, alimfuata Gareth.

"Vifurushi vya shangazi yako nilikuwa navifungua mimi. Nimevila, nimevivaa. Nilikuwa nikijua kuna jambo."

Gareth alikuwa akitafuta funguo za gari. "Ah, usijitese. Vingeoza tu. Mimi mwenyewe sikumpigia tangu Pasaka ya mwaka juzi." Akampiga bega kidogo. "Hivi unaonaje, nyumba ile itauzika kweli, na hadithi hii ilivyoenea?"

Lorraine alitaka kutukanwa, hakupata wa kumtukana. Alimtafuta Kamran kwa macho, lakini gari lake lilikuwa limeshaondoka.

Nyumba iliuzika mwezi wa nne. Waliingia mume na mke vijana wenye vitu vingi, na kila wakiangusha kitu ngazini, Lorraine huvaa koti akaenda kuuliza kama wapo salama. Mwanzoni walimkaribisha chai. Siku hizi mke huzungumza kupitia mlango uliofungwa.

"Hatujambo, Lorraine. Nenda kapumzike, tafadhali."

Naye huitikia, lakini haondoki mpaka asikie nyayo zikitembea ndani.