Maua ya Mibuni na Kibuyu cha Mama

Mama, Mawe kama tulivyomwita kwa lugha ya nyumbani, alipoacha kula, aliomba kitu kimoja tu: kinywaji cha maua ya mibuni. Alizoea kukitengeneza hapahapa Nyanga kila mibuni ilipochanua baada ya mvua, na sisi watoto tulikinywa kikiwa kimeanza tu kuuma ulimi. Kikichacha kupita hapo alikimwaga, maana alikuwa Mlutheri asiyetaka pombe nyumbani kwake.

Wiki hiyo mibuni yetu ilikuwa imechanua. Nilitandika kanga chini ya miti asubuhi, nikakusanya maua yaliyoanguka yenyewe, kwa sababu ua linalochumwa mtini ni buni iliyopotea. Kabla ya kuanza nilisoma kila nilichopata kuhusu uchachushaji. Nesi alikuwa ametuonya kwamba tumbo la mama halitahimili uchafu wowote. Kwa hiyo nilichemsha maji, nikachemsha asali, nikaosha maua, na kibuyu chake nikakisugua ndani kwa maji ya moto na sabuni. Kisha nikasubiri.

Povu halikutokea. Dada yangu alionja, akanitazama.

"Kaka, hii ni chai iliyopoa."

"Tuiongezee siku."

"Wewe unazo za kuongeza. Mawe je?"

Nilirudi jikoni, nikakiinamia kile kibuyu na kukinusa. Kilinuka sabuni. Mama hakuwahi kukiosha hivyo. Alikisuuza kwa maji baridi, akakitundika, na chachu ya msimu mmoja ikabaki humo ndani hadi msimu uliofuata. Niliimaliza yote kwa kusugua. Nje, maua yaliyobaki chini ya mibuni yalikuwa yamekwisha kuwa ya kahawia.

Nilikwenda Izigo kwa shangazi. Huko mvua zilikuwa zimechelewa, na mibuni yake ndiyo kwanza ilikuwa myeupe kwa maua. Nilimweleza hali ya mama. Alinionyesha shamba kwa kidole.

"Okota. Ila ukigusa tawi nitakuchapa, na mvi zako hizo."

Nilipoondoka alinifungia machicha ya kibuyu chake, yenye chachu ndani, kwenye jani la mgomba. Safari hii sikuosha ua hata moja.

Kinywaji cha pili kilitoa povu. Lakini kufikia hapo mama alikuwa akimeza maji kwa taabu, tena si kila mara. Dada alimwinua kichwa, nami nikamtilia tone la kijiko mdomoni. Alilishika ulimini kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, hata nikadhani amelala.

"Bado," alisema. "Kesho."

Dada aligeukia dirishani. Mama alikuwa sahihi, kinywaji hakikuwa tayari. Nilikifunika kibuyu, nikakisogeza karibu, nikaketi kati yake na kitanda, nikisikiliza povu upande huu na pumzi upande ule.