Washenga kwa Kinyozi

Siku washenga wangu walipokwenda Tandale kupeleka posa, nilibaki nyumbani Temeke kama mila inavyotaka. Muoaji hapeleki posa yake mwenyewe. Ila mila haikusema lolote kuhusu kuwafuatilia wazee kwa setilaiti, na ujuaji wangu ukapenya hapohapo.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za bodaboda wanaosambaza mizigo. Kusema kweli, sehemu ngumu sitengenezi mimi. Mahesabu ya setilaiti yapo tayari kwenye laibrari, yaani msimbo wa kompyuta ulioandikwa na wengine, unauchomeka tu kwenye programu yako, kama anayenunua unga uliokwisha sagwa. Halafu unajiita mtaalamu. Nilimwekea baba mkubwa, kiongozi wa msafara, programu hiyo kwenye simu yake, nikamsihi asimwulize mtu njia.

"Ikisema umefika, umefika," nilimwambia.

Baba wa mchumba wangu naye alikuwa ameshatangaza: adhana ya alasiri ikimkuta bila wageni, anavua kanzu na posa imekufa.

Kwenye skrini yangu, nukta ya kuonyesha walipo wazee ilipotua juu ya alama ya nyumba ya wakwe, nilimpigia mchumba wangu.

"Wamefika!"

"Wapi? Mbona hapa hamna mtu?"

"Angalia vizuri sebuleni."

"We, sebule yetu hii ni ya kupotelea watu wazima wanne?"

Nikambishia. Naam, nilimbishia mtu aliyekaa kwao kuhusu nani yumo kwao. Tulipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba laibrari ile, kwa kuwa ni ya vyombo vya barabarani, huvuta kila nukta mpaka kwenye barabara iliyo karibu. Nyumba yao iko ndani vichochoroni, kwa hiyo alama yake nayo ilikuwa imevutwa hadi barabarani. Sifa hiyo niliisoma mwenyewe, nikaipenda. Nikampigia baba mkubwa mbio.

"Tumeshapokewa, tumepewa na benchi," alisema. "Ila hawa wakwe zako, mbona wananyoa watu?"

Nikamwambia asiondoke wala asikate simu, nikamtumia ujumbe mchumba wangu. Siku hiyo hakutakiwa hata kuchungulia dirishani. Alijitanda khanga, akaenda mwenyewe kuwachukua kwa kinyozi.

Simu ikiwa mfukoni mwa baba mkubwa, nikasikia hodi, nikasikia karibu, kisha sauti nzito ya mwenye nyumba.

"Mmechelewa. Kulikoni?"

"Mzee mwenzangu," baba mkubwa alijibu, "kijana wetu msomi, lakini anapoteaga hata akiwa amekaa kitandani. Ndiyo maana tumekuja kuomba mtu wa kumshika mkono."

Mwenye nyumba akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na adhana ikamkuta hivyohivyo, kanzu mwilini. Nikalia kwa furaha.

Nilipofuta machozi nikatazama skrini. Nukta ilikuwa bado kwa kinyozi.